Maji Matamu na Maji ya Chumvi: Somo la Fizikia kwa Watahiniwa



Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukaribiapo, vijana wetu wa Lamu na visiwa vyake hushughulika kuhifadhi. Hukaa na daftari usiku wakakariri maana ya densiti, na kanieneo, na kanuni ya Archimedes, hata kila neno likakaa ulimini kama lilivyo kitabuni. Jambo hilo ni jema, kwani asiyekuwa na maneno ya elimu hawezi kuieleza. Lakini mtahini hatosheki nalo. Akisha kuuliza "ni nini?", huuliza "kwa nini?", na hapo ndipo kalamu za wengi husita.

Natuweke mbele yetu swali moja la namna hiyo, tulirejee tukiwa tayari. Mashua yapeleka maji matamu Manda ndani ya madumu ya lita 20. Dumu moja limejazwa hadi kifunikoni, halina hewa ndani, nalo limefungwa barabara. Laanguka baharini. Je, litazama au litaelea? Toa sababu.

Jibu la swali hili limo ndani ya tofauti ndogo iliyoko baina ya maji matamu na maji ya chumvi. Na tofauti hiyo hiyo ndiyo inayoamua chombo kizame kiasi gani kikipakiwa mawe, na ndiyo inayoamua kisima cha mji kibaki kitamu au kiharibike. Basi katika somo hili tutaifuata tofauti hiyo hatua kwa hatua, nawe mwanafunzi ukiifahamu, utakuwa umepitia sehemu kubwa ya fizikia ya vitu vya majimaji.

I. TUNGAMO, UZITO NA DENSITI

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, nacho hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo ardhi hukivuta kitu hicho, nao hupimwa kwa nyutoni. Mtu akienda dukani husema, "Nipimie sukari, uzito wa kilo mbili," na muuzaji humfahamu, wala hapana ubaya katika maneno ya soko. Lakini mbele ya mtahini hiyo ni alama iliyopotea. Kilo mbili ni tungamo ya sukari. Uzito wake ni nyutoni 20, kwa kuwa kila kilogramu moja huvutwa kwa kani ya nyutoni 10 takriban.

Densiti ni tungamo ya kitu igawanywe kwa ujazo wake. Yaani ni kujua mita moja ya ujazo ya kitu hicho ina kilogramu ngapi. Fikiri sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Ulijaze maji matamu: yaliyomo ni kilogramu 1,000. Uyamwage, ulijaze maji ya bahari: yaliyomo sasa ni kilogramu 1,025 takriban. Sanduku ni lile lile, nafasi ni ile ile, na tofauti ni kilogramu 25, ambazo ni matokeo ya chumvi iliyoyeyuka. Zikumbuke kilo hizo 25, kwani tutakwenda nazo mpaka mwisho.

Mtu akiuliza, "Tofauti hiyo hupimwaje?", jawabu ni jepesi, na ni katika majaribio yanayofaa kwa karatasi ya vitendo. Chukua chupa yenye kizibo, ikiwa kavu, uipime kwa mizani. Uijaze maji matamu hadi kizibo, uipanguse nje, uipime tena. Kisha uyamwage, uikaushe, uijaze maji ya bahari hadi pale pale, uipime mara ya tatu. Toa tungamo ya chupa tupu katika kila kipimo. Ikiwa chupa ni ya mililita 500, maji matamu yatakuwa gramu 500 na maji ya bahari yatakaribia gramu 512 na nusu. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata 1.025, nayo huitwa densiti linganifu. Haina kizio chochote, kwa sababu umegawanya gramu kwa gramu. Na mwanafunzi aandikaye kizio hapo huonyesha kwamba hakufahamu alichokifanya.

Na hapa pana kosa litendwalo sana. Mwanafunzi huambiwa abadilishe gramu kwa sentimita ya ujazo ziwe kilogramu kwa mita ya ujazo, naye huandika kwamba densiti ya bahari ni kilogramu 1.025 kwa mita ya ujazo. Lau angaliyatazama maneno yake kwa jicho la nyumbani, angalijua kwamba haliwezekani. Dumu la lita 20 peke yake lina kilo 20 za maji, na aliyelichukua begani kutoka gatini hahitaji kuambiwa. Na mita moja ya ujazo ni madumu 50 kama hilo. Vipi basi madumu 50 yawe kilo moja? Zoea, ewe mwanafunzi, kulipima kila jawabu kwa kitu ukijuacho kabla hujalipigia mstari.

II. KANIENEO

Kanieneo ni kani igawanywe kwa eneo inaloliangukia. Kizio chake ni paskali, yaani nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba. Maana yake huonekana wazi maji yakipwa katika hori la Takwa, kwenye matope ya mikoko. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600. Tuseme nyayo zake mbili ni mita za mraba 0.03: basi hulikandamiza tope kwa paskali 20,000. Anyanyuapo mguu mmoja apige hatua, eneo hurudi nusu na kanieneo huwa paskali 40,000. Ndiyo maana mguu uliobaki huzidi kudidimia. Mlazie ubao wa mita za mraba 0.3 akanyage juu yake, kanieneo itashuka hadi paskali 2,000, naye atapita. Uzito wake haukupungua hata nyutoni moja; kilichobadilika ni eneo.

Maji nayo hukandamiza. Tabaka la juu hulilemea la chini, na kadiri unavyoshuka ndivyo maji yaliyo juu yako yanavyozidi. Kwa hiyo kanieneo ya maji hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: kina, densiti ya maji, na mvuto wa ardhi ambao ni 10. Kwa kina cha mita 10, maji matamu hukandamiza kwa paskali 100,000, na maji ya bahari kwa paskali 102,500. Zile kilo 25 zimekwisha kuanza kazi yao.

Huenda mtu akauliza: "Kisima chembamba na birika pana, vyote vina kina cha mita tatu, ni kipi ambacho chini yake pana kanieneo kubwa zaidi?" Wengi husema birika, kwa kuwa maji yake ni mengi. Si hivyo, ni sawa sawa. Kanieneo haiulizi upana wala wingi wa maji. Huuliza kina na densiti tu. Swali hili watahini hulipenda, wakalivisha nguo mbalimbali, basi usihadaike.

Tufanye hesabu ya hapa kwetu. Upande wa bara wa Ghuba ya Manda imejengwa Bandari ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kina cha maji kwenye gati zake ni mita 17.5. Kanieneo ya maji ya bahari chini hapo ni 17.5 mara 1,025 mara 10, nayo ni paskali 179,375. Na juu ya maji hayo pana hewa, nayo hukandamiza kwa paskali 100,000 takriban. Basi mzamiaji aliyefika chini hubeba jumla ya paskali 279,375. Ukiulizwa kanieneo ya maji, toa ile ya kwanza. Ukiulizwa kanieneo yote, jumlisha na ya hewa. Lisome swali mara mbili kabla ya kujibu.

III. MSUKUMO WA JUU

Sasa twafika kwa Archimedes. Kanuni yake yasema kwamba kitu kikitiwa ndani ya maji, kikazama chote au baadhi yake, husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Maneno haya wanafunzi wengi wameyahifadhi. Lakini ni nani anayemsukuma juu? Maji yana mkono?

Jawabu lake tumekwisha kulipata katika fungu la pili. Lichukue lile sanduku letu la mita moja kila upande, ulifunge, ulizamishe baharini hata uso wake wa juu uwe katika kina cha mita mbili. Uso wa chini utakuwa katika kina cha mita tatu. Maji yaliyo juu hulisukuma chini kwa kanieneo ya paskali 20,500. Maji yaliyo chini hulisukuma juu kwa paskali 30,750. Ya pande nne hupingana na kumalizana. Inayobaki ni tofauti ya juu na chini, nayo ni paskali 10,250 juu ya mita moja ya mraba, yaani kani ya nyutoni 10,250 kuelekea juu. Sasa tazama: maji yaliyoondolewa na sanduku ni mita moja ya ujazo, kilogramu 1,025, na uzito wake ni nyutoni 10,250. Hesabu mbili zimekutana mahali pamoja. Kanuni ya Archimedes, basi, si jambo la kuaminiwa tu; hutoka ndani ya kanieneo ya maji, na mwanafunzi anayeweza kuitoa hivyo hatishwi na swali lolote la "kwa nini".

Tuipime kwa jiwe. Kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Manda yako magofu ya mji wa kale, mji ulioanza karne ya 9 takriban, ambao Neville Chittick aliuchimba. Kuta zake za upande wa bahari zilijengwa kwa vipande vikubwa vya matumbawe, na vingine hufikia tani moja. Tuchukue jiwe moja la tani moja lenye ujazo wa nusu mita ya ujazo. Nchi kavu uzito wake ni nyutoni 10,000. Lizamishwapo baharini, huondoa maji ya kilogramu 512.5, na husukumwa juu kwa nyutoni 5,125. Mtu alivutaye kwa kamba chini ya maji huhisi nyutoni 4,875 tu, chini ya nusu ya uzito wake. Tena hapa pana mtego: jiwe halikupungua uzito wake. Ardhi yalivuta vile vile kwa nyutoni 10,000. Kilichozidi ni msaidizi anayesukuma kutoka chini. Huitwa uzito wa dhahiri, na mwanafunzi aandike hivyo. Asiseme "uzito umepungua" akanyamaza.

IV. KUELEA KWA CHOMBO

Kitu kinachoelea kimefika mahali ambapo msukumo wa juu umekuwa sawa na uzito wake wote. Kwa hiyo chombo huzama mpaka kiondoe maji yenye uzito sawa na chake, kisha hutulia. Hiyo ndiyo kanuni ya kuelea.

Dau lenye tungamo ya kilogramu 4,100, pamoja na watu na mzigo, litaondoa maji ya bahari mita 4 za ujazo, kwa kuwa 4,100 ukigawanya kwa 1,025 hupata 4. Lau dau lilo hilo lingeingia katika mto wa maji matamu, lingehitaji kuondoa mita za ujazo 4.1. Ikiwa eneo la dau pale maji yanapoishia ubavuni ni mita 10 za mraba, ile mita ya ujazo 0.1 iliyozidi italizamisha sentimita moja zaidi. Sentimita moja kwa dau ni jambo dogo. Kwa meli kubwa iliyopakiwa hadi ukomo wake si dogo. Ndiyo maana ubavuni mwa meli za mizigo huchorwa alama za mistari, mmoja wa maji ya bahari na mwingine wa maji matamu ulio juu yake. Alama hizo zilifanywa lazima kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini ndani ya vyombo vilivyolemewa.

Na jambo hili latuhusu sisi. Mawe ya kujengea nyumba za Lamu huchongwa Maweni, katika Manda, kisha huvushwa kwa vyombo. Mwanafunzi aweza kukaa gatini akafanya hesabu: chombo ambacho eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita 10 za mraba, kila kikiongezwa mawe ya kilogramu 1,025 huondoa mita moja zaidi ya maji, nacho huzama sentimita 10. Ikiwa ubavu uliobaki juu ya maji ni sentimita 30, mizigo mitatu ya namna hiyo humaliza ubavu wote, na wimbi la kwanza litaingia ndani. Nahodha mzoefu hujua haya kwa jicho, mwenye elimu huyajua kwa hesabu, na wote wawili humwambia mwenye mzigo neno moja: "Basi, hapa yatosha."

V. KISIMA

Sasa zitazame zile kilo 25 zikifanya kazi iliyo kubwa kuliko zote. Watu hushangaa kwamba Shela, iliyozungukwa na bahari na vilima vya mchanga, ndiko yatokako maji matamu yanywewayo mji wa Lamu, ilhali Manda iliyo mbele yake ng'ambo ya mkondo ina dhiki ya maji, na watu wake hutegemea mvua iliyokingwa katika majabia na maji yaletwayo kwa vyombo.

Mvua inyeshapo juu ya vilima vya mchanga huzama chini. Huko chini ya ardhi maji ya bahari yamekwisha kupenya kutoka pande zote. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hayashuki chini ya yale ya chumvi. Hukaa juu yake, yakaelea kama dau lieleavyo. Nayo kama dau, sehemu ndogo yake iko juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa iko chini.

Ni kubwa kiasi gani? Tuhesabu kwa kanieneo. Tuseme maji ya kisima yamesimama mita moja juu ya usawa wa bahari, na maji matamu yameshuka chini ya usawa huo kwa kina tusichokijua, tukiite K. Mwisho wa maji matamu, pale yakutanapo na ya chumvi, kanieneo ya pande mbili lazima iwe sawa, ama sivyo yangesogea. Upande wa maji matamu kina chote ni K na moja, na densiti ni 1,000. Upande wa bahari kina ni K, na densiti ni 1,025. Mvuto wa 10 uko pande zote mbili, basi hufutika. Hivyo 1,000 mara (K + 1) ni sawa na 1,025 mara K. Toa 1,000 K katika kila upande: 1,000 ni sawa na 25 K. Basi K ni 40.

Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita 40 za maji matamu zilizo chini yake. Hesabu hii ni ya mahali ambapo maji yametulia. Katika ardhi yenyewe mpaka wa maji hayo mawili si mkali kama wembe, bali pana tabaka la mchanganyiko baina yake. Lakini uwiano wa moja kwa arubaini ndio msingi, na wataalamu wa maji ya ardhini huutumia duniani kote.

Mtu atauliza: "Mbona nikimimina maji matamu na ya chumvi katika bilauri moja huchanganyika?" Huchanganyika kwa sababu umeyakoroga kwa nguvu ya kumimina. Yajaribu kwa upole: tia maji ya bahari nusu bilauri, kisha mimina maji matamu yaliyotiwa rangi kidogo kidogo juu ya mgongo wa kijiko. Utaona rangi imekaa juu. Na ndani ya mchanga maji huenda polepole mno, wala hapana wa kuyakoroga, isipokuwa mwenye pampu.

Na kwa pampu ndipo uliko mkasa wenyewe. Uwiano wa moja kwa arubaini huenda pande zote mbili. Ukivuta maji kupita mvua iingizavyo, hata usawa wa kisima ukashuka sentimita 10 tu, maji ya chumvi kule chini, yakisha kutulia, hupanda mita 4. Mwenye kisima huchungulia akaona maji yameshuka shubiri haijatimia, akasema hapana neno. Huku chini adui amepanda kimo kipitacho dari ya chumba. Na vilima vya Shela vikijengwa juu yake, au mchanga wake ukichotwa, mvua hupotewa na mahali pa kuzama, na mambo huwa yale yale.

Katika Manda yenyewe pana ukumbusho wa hayo. Mji wa Takwa ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, ukiwa na msikiti mkubwa, na ukuta, na nyumba za mawe, na visima. James Kirkman alipafukua mwaka 1951, na leo ni magofu yanayohifadhiwa. Katika sababu zitajwazo za kuhamwa kwake ni maji ya visima kuingiwa na chumvi, pamoja na ugomvi na watu wa Pate. Na mapokeo yasema kwamba watu wake walivuka wakakaa Shela. Mwanafunzi wa fizikia ayasomapo haya huona maana ya safari hiyo: watu wametoka mahali ambapo maji matamu yamewatupa, wakaenda palipo na vilima vya mchanga vinavyoyashika.

VI. NAMNA YA KUJIBU

Sasa turejee kwenye dumu letu. Mwanafunzi mmoja ataandika: "Litaelea kwa sababu ya kanuni ya Archimedes." Amesema kweli, naye atapata alama ndogo au asipate, kwa kuwa ametaja jina la kanuni wala hakuitumia. Jawabu kamili lina hatua nne: sema kanuni, itie katika jambo ulilopewa, toa hesabu na kizio chake, kisha kata shauri. Mfano wake ni huu:

"Kitu huelea ikiwa msukumo wa juu waweza kufikia uzito wake. Dumu lina lita 20 za maji matamu, kilogramu 20, uzito nyutoni 200. Likizama lote huondoa lita 20 za maji ya bahari, kilogramu 20.5, uzito nyutoni 205. Msukumo wa juu umezidi uzito kwa nyutoni 5. Kwa hiyo dumu litapanda hadi msukumo uwe nyutoni 200. Litaelea, na takriban nusu lita ya ujazo wake itakuwa juu ya maji."

Plastiki ya dumu tumeiacha katika hesabu kwa kuwa nayo ni nyepesi kidogo kuliko maji, wala haiwezi kulizamisha. Ama dumu lilo hilo likiangukia ndani ya jabia la maji matamu, maji yaliyomo ndani hayazidi wala hayapungukiwi na maji ya nje, na zile nyutoni 5 hazipo.

Mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na kila mwanafunzi ajue majina ya mambo haya kwa lugha hiyo bila kusitasita. Lakini hoja ikisha kufahamika kwa lugha ya nyumbani, kuivisha maneno ya lugha nyingine ni kazi nyepesi. Na hoja isiyofahamika haiokolewi na lugha yoyote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ndoo ya lita 20 imejazwa maji ya bahari. Tafuta tungamo na uzito wa maji hayo.

2. Jahazi lina eneo la mita 30 za mraba kwenye usawa wa maji. Limeongezwa mawe ya kilogramu 6,150. Litazama sentimita ngapi zaidi?

3. Mzamiaji yuko katika kina cha mita 20 baharini. Tafuta kanieneo yote iliyo juu yake, ukichukua ya hewa kuwa paskali 100,000.

4. Maji ya kisima yako sentimita 50 juu ya usawa wa bahari. Tafuta kina cha maji matamu chini ya usawa huo. Kisha usawa wa kisima ukashuka hadi sentimita 30; maji ya chumvi yatapanda mita ngapi?

Fanya kwanza, ndipo utazame majawabu.

La kwanza: kilogramu 20.5, nyutoni 205. La pili: mawe huondoa mita 6 zaidi za ujazo; gawanya kwa 30, upate mita 0.2, yaani sentimita 20. La tatu: 20 mara 1,025 mara 10 ni paskali 205,000, jumlisha na ya hewa, upate 305,000. La nne: mita 20, kisha kina huwa mita 12, basi maji ya chumvi yamepanda mita 8.

Aliyeyapata yote manne na ajaribu kumweleza mdogo wake lile la nne, bila kitabu mkononi. Akiweza, amelifahamu. Na wazazi waliosoma hadi hapa, wakiwa na kisima au pampu nyumbani, na wawaulize watoto wao jawabu hilo. Kwani mtihani wa kidato cha nne hupita kwa siku chache, na mtihani wa maji utabaki kwetu na kwa watakaokuja baada yetu.